Mlinzi wa Pili: Historia ya Mitambo ya Simu Iliyokatazwa Kuzimika

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili 2014, katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani, mwanamke mmoja alimsikia mtu akijaribu kuingia nyumbani mwake kwa nguvu. Alifanya kile ambacho kila raia wa nchi hiyo hufundishwa tangu utotoni: akapiga namba 911, ambayo ni namba ya kuwaita polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Hakupata mtu. Akapiga tena, na tena. Habari zilizotangazwa baadaye zilisema kwamba alipiga mara zisizopungua 37. Askari wa zamu walikuwa macho katika vituo vyao, tayari kwa kazi. Simu zao hazikulia.

Usiku huo hapakuwa na vita, wala tetemeko la ardhi, wala waya uliokatwa na wahalifu. Umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, katika mji wa Englewood, jimbo la Colorado, ilikuwapo kompyuta ya kampuni ya Intrado iliyokuwa na kazi moja tu: kupokea simu za dharura kutoka majimbo mbalimbali na kuielekeza kila moja kwenye kituo kinachohusika. Kila simu iliyopita ilipewa namba yake, kama vile karani wa kituo cha polisi anavyoandika namba ya kila shauri katika kitabu cha matukio. Watu walioandika programu ya kompyuta hiyo waliwekea hesabu hiyo kikomo cha mamilioni ya simu, kisha kikomo hicho kikasahauliwa. Ilipotimu saa sita kasoro dakika sita usiku, kitabu kilijaa. Kompyuta haikuzimika, bali iliacha kutoa namba, na simu isiyo na namba haikuwa na njia ya kupita.

Vituo 81 katika majimbo 7 vilipoteza simu za wananchi kwa muda wa saa sita hivi, hata kulipopambazuka. Simu zaidi ya 6,600 hazikufika. Watu waliokuwa wakitegemea vituo hivyo walikuwa takriban milioni 11. La kushangaza zaidi ni kwamba kampuni hiyo ilikuwa na kituo cha pili cha namna hiyo hiyo katika mji wa Miami, kilichojengwa kwa madhumuni ya kushika kazi endapo cha kwanza kitashindwa. Kituo hicho cha pili kilikuwa kizima. Lakini hakuna aliyekiambia kwamba mwenzake ameanguka, kwa kuwa tahadhari iliyotolewa na kompyuta ilikuwa ya daraja la chini, na haikumshtua mtu yeyote.

Mtu aliyepata kusimama lindo analifahamu jambo hili bila kueleweshwa. Kuweka walinzi wawili si kazi ngumu; ugumu uko katika kuhakikisha kwamba wa pili atajua, kwa wakati wake, kuwa wa kwanza amelala. Historia ya mitambo ya kuunganisha simu, tangu kompyuta zilipoanza kutumika katika kazi hiyo, ni historia ya ugumu huo. Inafaa askari na polisi waijue, kwa maana mawasiliano ndiyo mishipa ya kazi yao, na mshipa ukikatika mkono hauwezi kunyanyuka hata ukiwa na nguvu namna gani.

Hapo awali simu ziliunganishwa na watu. Opereta alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, akaulizwa, akachomeka waya. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja, Almon Strowger, ambaye biashara yake ilikuwa ya mazishi, alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu wenyewe bila opereta. Ofisi ya kwanza ya simu iliyotumia mtambo huo kwa biashara ilifunguliwa mwaka 1892 katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Kila namba iliyopigwa ilisukuma vyuma vidogo vikapanda hatua kwa hatua mpaka vikaufikia waya uliotakiwa. Mitambo ya namna hiyo ilienea ulimwenguni na kudumu kwa miongo mingi.

Mitambo hiyo ilikuwa na makelele mengi na ilihitaji kupakwa mafuta na kusafishwa mara kwa mara, lakini ilikuwa na fadhila moja ambayo watu hawakuitambua mpaka ilipotoweka. Vyuma vyake vilikuwa vingi, na kila simu ilipita katika vyuma vyake. Kimoja kilipoharibika, simu moja iliharibika. Mpigaji alikata, akapiga upya, akapata njia nyingine. Ilikuwa kama askari mmoja kuugua katika batalioni: kazi huendelea.

Kompyuta zilipoletwa, hali hiyo iligeuka. Kompyuta ina akili moja inayoamuru maelfu ya simu kwa pamoja, na faida yake ni kubwa kwa wepesi na gharama. Lakini akili hiyo ikipotea, hapotei askari mmoja. Hupotea kamanda pamoja na makao yake makuu, na mji mzima hunyamaza. Wahandisi wa maabara ya Bell, iliyokuwa chini ya kampuni ya simu ya AT&T, walilitambua jambo hili mapema. Walifanya jaribio lao la kwanza kwa wateja halisi katika mji mdogo wa Morris, jimbo la Illinois, tangu mwaka 1960. Tarehe 30 Mei 1965, katika mji wa Succasunna, jimbo la New Jersey, walizindua mtambo ulioitwa No. 1 ESS, mtambo wa kwanza mkubwa wa biashara uliounganisha simu kwa kuongozwa na programu iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta.

Sharti walilojiwekea wahandisi hao lilikuwa kali. Walisema kwamba mtambo usizimike kwa jumla ya zaidi ya saa mbili katika miaka 40. Ukigawa, ni dakika tatu kwa mwaka. Kompyuta za kawaida za siku hizo zilikuwa zikisimama mara nyingi kwa matengenezo, na watu waliozitumia walikubali. Mtambo wa simu haukupewa ruhusa hiyo, kwa sababu hakuna anayejua ni saa ngapi mgonjwa atazidiwa au mwizi atavunja mlango.

Njia waliyoichagua ilikuwa kuweka akili mbili. Kompyuta kuu zilikuwa pacha, nazo zilifanya kazi ile ile kwa wakati ule ule, hatua kwa hatua, huku moja ikitoa amri na ya pili ikifuata kimya kimya. Katika kila hatua majibu yao yalilinganishwa. Yakilingana, kazi iliendelea. Yakitofautiana, kengele ililia ndani ya mtambo wenyewe, na programu maalumu ikaanza kuuliza ni nani kati ya hao wawili aliyekosea. Hapo palikuwa na mtihani, kwa sababu mashahidi wawili wakipingana, kupingana kwao hakuonyeshi mwongo ni yupi. Basi kila kompyuta iliulizwa maswali ambayo majibu yake yalikwisha kujulikana. Aliyeshindwa aliondolewa kazini, na mwenzake akaendelea peke yake. Wateja waliokuwa wakizungumza hawakujua kwamba limetokea jambo.

Kisha mashine ya kuchapa ilitoa namba fulani katika karatasi. Fundi aliitafuta namba hiyo katika kamusi ya hitilafu, na kamusi ikamwelekeza ni kipande gani cha kung'oa na kubadilisha. Kamusi hiyo ilitungwa kwa namna ambayo kila mkufunzi wa jeshi ataipenda. Wahandisi waliharibu mtambo wao kwa makusudi, kipande baada ya kipande, mara maelfu, na kila walipouharibu waliandika jinsi ulivyolalamika. Walimjua adui kwa kumwingiza wenyewe ndani ya kambi, mchana, wakati wa mazoezi, ili akija usiku asiwe mgeni.

Mwanamke mmoja wa maabara hiyo, Erna Schneider Hoover, alishughulikia hatari ya namna nyingine. Yeye hakuangalia kompyuta iliyovunjika, bali kompyuta nzima iliyolemewa. Watu wengi mno wakipiga simu kwa pamoja, kama inavyotokea kunapokuwa na msiba au tetesi mbaya, kompyuta hujaribu kuwatumikia wote na mwisho haimtumikii yeyote. Bi Hoover alibuni programu iliyoufanya mtambo upime wenyewe wingi wa kazi, kisha upange yaliyo ya kwanza na yanayoweza kungoja. Kupokea simu na kuiunganisha hutangulia. Hesabu na kumbukumbu hufuata. Alipewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1971, nayo ni miongoni mwa hataza za kwanza kutolewa kwa programu ya kompyuta.

Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na utaratibu wa aina hiyo katika mtandao wake wa simu ulioitwa AUTOVON, uliojengwa katika miaka ya 1960. Simu zake maalumu zilikuwa na safu ya ziada ya vitufe, na kila kitufe kilikuwa cheo. Simu ya kawaida ilingoja. Simu yenye cheo cha juu, ikikuta njia zote zimejaa, iliikata ya chini yake ikapita. Mtandao huo pia haukujengwa kama mti wenye shina moja. Ulisukwa kama wavu, ili kituo kimoja kikilipuliwa simu izunguke na kupita kwingine.

Wazo la wavu lilichunguzwa kwa undani na Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND, aliyechapisha maandishi yake mwaka 1964. Swali lake lilikuwa la kivita waziwazi: mtandao wa mawasiliano ujengwe vipi ili ubaki hai baada ya adui kushambulia kwanza? Alionyesha kwamba mtandao wenye kitovu kimoja hufa kwa pigo moja. Lakini kila kituo kikiunganishwa na majirani zake kwa njia tatu au nne, na kila kituo kikawa na uwezo wa kuamua chenyewe njia ya kupitishia ujumbe, mtandao huweza kupoteza sehemu kubwa ya vituo vyake na vilivyobaki vikaendelea kuwasiliana. Alipendekeza pia ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kitafute njia yake. Wakubwa wa kampuni ya simu hawakuukubali mpango huo. Hata hivyo wazo la kukata ujumbe vipande lilikuja kutumika katika mtandao wa ARPANET ulioanza mwaka 1969, ambao ndio mzazi wa intaneti.

Katika miaka ya 1970 wahandisi wa Bell walikaa chini wakahesabu ni mambo gani hasa yaliyokuwa yakiizimisha mitambo yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978, nayo yanastahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha mawasiliano. Vifaa vilivyovunjika vilisababisha asilimia 20 tu ya muda wa kuzimika. Makosa ndani ya programu yalisababisha asilimia 15. Asilimia 30 zilitokana na mikono ya watu: fundi aliyeng'oa kipande kizima akaacha kibovu, au aliyefuata utaratibu nusu. Sehemu kubwa kuliko zote, yaani asilimia 35, ilitokana na kasoro katika ule mpango wenyewe wa kujiokoa. Kitu kidogo kiliharibika, mtambo ukajaribu kujitibu, na tiba ikashindwa au ikawa mbaya kuliko ugonjwa.

Takwimu hizo zilitoa onyo, lakini onyo lilichukua miaka kumi na zaidi kuonekana maana yake kamili. Matukio mawili yaliifafanua.

La kwanza lilitokea Jumapili, tarehe 8 Mei 1988, katika mji wa Hinsdale, jimbo la Illinois, karibu na Chicago. Ofisi ya simu ya mji huo iliwaka moto. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya akina mama, na ofisini hapakuwa na mtu hata mmoja, kwa kuwa mitambo ilikuwa ikijiendesha na kuangaliwa kwa mbali kutoka mji wa Springfield. Tahadhari ya moto ilifika Springfield, lakini ilipita karibu saa nzima kabla ya zimamoto kuitwa. Ofisi hiyo haikuwa ya Hinsdale peke yake. Njia nyingi za simu za eneo lote zilikuwa zikipita humo, zikiwamo zile zilizodhaniwa kuwa ni za akiba. Makumi ya maelfu ya simu za wateja zilikufa, na hata mawasiliano ya kuongozea ndege katika uwanja wa O'Hare yaliathirika. Kazi ya kurudisha huduma ilichukua majuma kadhaa. Waliokuwa wamelipia waya wa kwanza na waya wa pili waligundua kwamba nyaya zote mbili ziliingia katika mlango mmoja.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 15 Januari 1990, yapata saa 8:25 mchana, mtambo mmoja wa kampuni ya AT&T mjini New York ulijigundua una hitilafu ndogo. Ulifanya kama ulivyofunzwa: ukawaarifu wenzake kwamba unasimama kidogo na wasiuletee simu, ukajiweka sawa kwa sekunde chache, kisha ukarudi kazini na kuanza kupeleka simu. Mtandao huo wa simu za masafa marefu ulikuwa na mitambo mikubwa 114 ya aina moja, iitwayo 4ESS. Katikati ya Desemba 1989 mitambo hiyo yote ilikuwa imepewa programu mpya, ambayo ndani yake lilikuwamo kosa dogo katika mstari mmoja.

Kosa lilikuwa hivi. Mtambo jirani ulipopokea simu kutoka kwa ule uliorudi, uliandika katika daftari lake kwamba mwenzake yupo tena. Endapo simu ya pili ingewasili wakati daftari bado linaandikwa, yaani katika muda mfupi kiasi cha sehemu moja ya mia ya sekunde, maandishi yangevurugika. Nao mtambo, ukiona maandishi yake yamevurugika, ungejihesabu kuwa mgonjwa, ungetangaza kwamba unasimama, ungejiweka sawa, kisha ungerudi na kuanza kupeleka simu kwa majirani zake. Majirani hao nao wangevurugika kwa njia ile ile.

Mchana ule simu zilikuwa nyingi, na zilikaribiana. Ugonjwa ulitoka New York ukaenea katika mtandao wote. Mitambo ilianguka, ikainuka, ikaangushana tena, kwa muda wa saa tisa hivi. Karibu nusu ya simu zilizopigwa kupitia mtandao huo hazikuunganishwa. Mwanzoni baadhi ya watu walishuku kwamba ni shambulio la makusudi. Ilipofika saa 5:30 usiku walikuwa wamefaulu kuutuliza mtandao kwa kupunguza wingi wa ujumbe uliokuwa ukipita kati ya mitambo, na baadaye walirudisha programu ya zamani.

Hapa ndipo lilipo funzo zito. Kila mtambo ulikuwa na pacha wake wa akiba. Pacha hao walikuwa wazima, wakiwa na umeme na vipuri vyote. Lakini kichwani mwao mlikuwa na programu ile ile yenye kosa lile lile, kwa hiyo pacha alipopokea zamu alianguka katika shimo alilotumbukia ndugu yake. Akiba ya namna hiyo humkinga mtu dhidi ya chuma kilichokatika, wala haimkingi dhidi ya wazo lenye kosa. Walinzi wawili waliofundishwa neno moja la siri lisilo sahihi watamfungulia adui mmoja baada ya mwingine, tena kwa nidhamu.

Zaidi ya hayo, ile hali ya kujiokoa ndiyo iliyobeba ugonjwa. Kama mtambo wa kwanza ungebaki umelala, mitambo 113 ingebaki na kazi yake. Uliporudi haraka na kwa bidii, ndipo uliposhusha wengine. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka ule wahandisi wamezidi kusisitiza mambo ambayo zamani yalionekana kuwa ya ziada: programu mpya iingizwe katika mitambo michache kwanza, iangaliwe, ndipo ienee, anayerudi kazini arudi polepole, na sehemu za mtandao zitenganishwe ili moto wa chumba kimoja usiunguze nyumba nzima.

Hata hivyo miaka 24 baadaye lilitokea la Colorado. Kosa la mwaka 2014 halikufanana na la mwaka 1990, lakini yalikuwa ndugu. Mara hii pacha wa akiba hakuangushwa, hakuamshwa. Serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya mawasiliano, ilichunguza na kutoa taarifa mwezi Oktoba 2014. Mwaka 2015 kampuni ya CenturyLink ilikubali kulipa dola milioni 16, ile ya Verizon dola milioni 3.4, na Intrado yenyewe dola milioni 1.4. Kikomo cha hesabu kilipandishwa, na mpango ukawekwa ili simu zihamie kituo cha pili bila kungoja mtu azinduke.

Ndugu msikilizaji anaweza kuuliza, mambo ya Colorado na New York yanaihusu nini Uganda? Jibu limekwisha kuonekana karibu zaidi. Mpaka mwaka 1977 Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu, na makao makuu yake yalikuwa Kampala. Jumuiya ya wakati ule ilipovunjika, kila nchi ilishika njia yake. Lakini jiografia haikuvunjika. Uganda haina pwani, na mawasiliano yake mengi na ulimwengu hupita katika ardhi ya majirani, kwa kebo zinazovuka mipaka na kwenda mpaka baharini, Mombasa na Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2009 na 2010, kebo za SEACOM, TEAMS na EASSy zililazwa chini ya bahari, na Afrika ya Mashariki ikapunguza kutegemea satelaiti.

Mwezi Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, miongoni mwao ile ya SEACOM, na upande wa kaskazini ukadhoofika. Kisha Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, kebo za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu kwa pamoja upande wa kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Kwa karatasi zilikuwa kebo mbili za kampuni mbalimbali, na kila moja ingeweza kuitwa akiba ya mwenzake. Baharini zilikuwa zimepita karibu karibu, na balaa lililoipata moja liliipata ya pili. Intaneti ilififia kutoka Tanzania mpaka Rwanda, na Uganda na Kenya nazo ziliguswa. Walionusurika kwa kiasi ni wale waliokuwa na njia ya tatu isiyofuata mkondo huo, kama vile kebo ya TEAMS inayotoka Mombasa kuelekea Fujairah katika nchi za Falme za Kiarabu.

Hilo ni jambo la Hinsdale lililojirudia katika maji ya chumvi. Ndiyo sababu nchi isiyo na bahari haina budi kuhesabu njia zake kwa uangalifu kuliko nyingine: njia ya Malaba na Busia kupitia Kenya, na njia ya Mutukula kupitia Tanzania. Usalama wa jirani hapo si maneno ya hotuba. Mtaro unaochimbwa bila uangalifu kando ya barabara katika nchi ya pili unaweza kunyamazisha ofisi Kampala, na uhusiano mwema na jirani huyo ni sehemu ya ulinzi kama bunduki ilivyo.

Kwa askari na polisi, historia hii inaacha maswali machache ya kuulizwa kabla ya usiku kuingia. Njia ya pili ya mawasiliano ya kituo inapita wapi, na je, haipiti katika jengo, nguzo au mnara ule ule wa njia ya kwanza? Ni nani ataamua kwamba ya kwanza imekufa, na atajuaje, ikiwa dalili pekee ni ukimya? Redio ya akiba iliyowekwa kabatini iliwashwa lini mara ya mwisho, na betri yake ilipimwa na nani? Afande anayejibu kwamba kifaa cha akiba kipo amejibu nusu ya swali. Wahandisi wa Morris na Succasunna walijua hivyo, ndiyo maana waliuharibu mtambo wao kwa mikono yao wenyewe, wakautazama ukijiokoa, ndipo wakauamini.

Askari wa zamu wa jimbo la Washington, usiku ule wa Aprili, hawakuwa wazembe. Walikaa na simu zilizo kimya, na ukimya wa namna hiyo ni rahisi kuuchukulia kuwa ni amani. Katika kazi ya ulinzi hakuna kosa jepesi kufanyika kuliko hilo. Kituo ambacho kwa kawaida hupokea simu kumi kwa saa, kikikaa saa nzima bila hata moja, kina sababu ya kumtuma mtu ajaribu namba ya kituo hicho kutoka nje. Kazi hiyo huchukua dakika moja, na mwananchi anayepiga simu mara 37 gizani hana mwingine wa kumfanyia.